Mikono ya Levis Mirumbe

MAELEZO YA ZIADA YA SHAHIDI

Jina: Marcella Awino Ogutu. Umri: miaka 51. Kazi: kuosha mchanga wa dhahabu. Makao: Masara, nyumbani ni Magunga. Dini: Mkristo.

Mimi ndiye mama mzazi wa marehemu Gordon Odhiambo. Nimekuja mwenyewe, hakuna aliyenituma, kubadilisha maelezo niliyotoa hapa Jumatatu tarehe 10 Machi 2025. Konstebo Monari ameniuliza kama najua kudanganya polisi ni kosa. Nimemwambia najua, ndiyo maana nimerudi.

Mnamo Ijumaa tarehe 7 Machi, kama saa nne asubuhi, nilikuwa naosha mchanga kwenye karai, hatua kumi hivi kutoka kwenye shimo la dhahabu. Gordon alikuwa chini. Levis Mirumbe, rafiki yake wa Kehancha, alikuwa juu ameshika kamba. Gordon akaitingisha mara mbili, maana yake avutwe. Levis akaanza kuvuta, na ukingo ukabomoka. Nilimwona Levis akianguka kifudifudi, akiburutwa, kamba iko mikononi. Aliita, "Mama, nisaidie!" Nikakimbia. Kabla sijafika udongo ulishuka wote, ukaivuta kamba ikamtoka, ikamchuna viganja.

Irine anayeuza uji alifika nyuma yangu. Alimkuta Levis amelala hapo, mikono mitupu, akapiga nduru: "Ameachilia!" Irine si mwongo, Afande. Alisema alichokiona, ila alifika mambo yameisha.

Jumapili baada ya ibada, mzee wa kanisa letu alituita mimi na Irine. Alisema Biblia inataka mashahidi wawili, na maneno yetu yakitofautiana polisi watatuona waongo. Akatukalisha tukakariri pamoja, kama watoto wa Sunday school na mstari wao: Levis aliachilia kamba kwa kusudi. Mzee si mtu mbaya, alimpenda Gordon. Lakini mimi nilijua. Nilikuwa na uchungu, nikataka mtu wa kulaumu, na Levis hana ndugu Masara. Nikakariri.

Jana asubuhi nilifungua Injili, pale wanawake wanaenda kaburini. Nikasoma zote nne. Huyu anasema malaika mmoja, yule anasema wawili. Huyu anamtaja Maria peke yake, mwingine anawataja wanawake watatu. Nimeyasoma haya tangu niko kwaya na sikuwahi kushtuka. Jana nilishtuka. Hao watu hakuna aliyewakalisha wakariri! Kila mmoja aliachwa na lake, na mimi nimewaamini maisha yangu yote. Nawaamini kwamba Gordon wangu atafufuka. Sasa mimi ni shahidi wa aina gani? Nililia, andika hiyo pia.

Mkiona maneno yangu na ya Irine hayafanani, yaacheni hivyo hivyo.

Mazishi ni Jumamosi, Magunga. Kwetu, aliyekuwa na marehemu mwisho ndiye husimama mbele ya watu kueleza alivyoaga. Wameniambia nisimame mimi. Siwezi. Udongo ulipoanza kushuka, Gordon alikuwa anasema kitu kutoka chini, na Levis amelala pale ukingoni anasikiliza. Niliisikia sauti ya mwanangu, maneno sikuyashika. Mwenye kuyajua mmemfungia huko nyuma. Naomba aje asimame.

Nimesomewa haya yote kwa Kiswahili. Ni yangu, na niliyaona kwa macho yangu.

Sahihi: M. A. Ogutu

MAELEZO YA AFISA: Yameandikwa nami, Konstebo Monari, tarehe 13 Machi 2025, saa tano na robo asubuhi. Nimekagua viganja vya mshukiwa. Vyote viwili vimechunika. Faili nimempelekea mkuu wa kituo nikipendekeza aachiliwe. Mshukiwa, baada ya kusomewa maelezo haya, ameniambia maneno ya mwisho ya marehemu. Sikuyaandika hapa. Mama yake ayasikie kwanza.