Binti Yangu Anataka Kuweka Kufuli Kwenye Kazi ya Marehemu Baba Yake

Mshauri mpendwa, naomba unisikilize kabla hujanigombeza, maana shule niliishia darasa la nne na haya ninayokuletea ni ya kompyuta, ila maumivu yake ni ya mama. Marehemu mume wangu aliandika programu, si hizi za kwenye simu, ile ya ndani kabisa wanayoiita kiini, inayogawia programu nyingine zote kazi na kumbukumbu, na aliiandikia hapa sebuleni, pazia limeshushwa jua lisipige kioo, mimi nakunja nguo, yeye ananisomea mistari yake kama anasoma barua ya kwao, sielewi neno lakini naitikia, akimaliza anauliza nimeona ilivyonyooka, nasema nimeona, na kweli nilikuwa nimeona, nilikuwa namwona yeye.

Sasa binti yetu amerithi kazi ile ile, ofisi ile ile, na siku hizi kompyuta za bohari ya dawa, zinazotumia kiini hicho, zinaganda ovyo, akikaa kuzivizia zinatulia kama paka mwizi. Mwishowe kosa amelikamata, limo kwenye mistari ya baba yake. Anasema kuna hesabu ya programu ngapi bado zinatumia kipande fulani cha kumbukumbu, na enzi za baba kompyuta ilikuwa na prosesa moja tu, yaani kichwa kimoja cha kuhesabia, lakini sasa zipo nyingi, mbili zinasoma tano kwa pamoja, kila moja inaongeza moja, kila moja inaandika sita, wakati jibu ni saba, basi programu zikimaliza na kutolewa moja moja, hesabu inafika sifuri mapema, kumbukumbu inafutwa na kuna programu bado inaitumia, mashine inaganda. Anataka kuweka kufuli, moja ikihesabu nyingine isubiri.

Nikalia, nikamwambia asiguse. Akasema, "Mama, ulipopangisha vyumba uliweka komeo kwenye bafu alilolijenga baba bila komeo. Ulikuwa unamsema baba?"

Nikamjibu bafu si baba yako. Tangu hapo anamwambia mkuu wake bado anatafuta, na huku ameshaona. Mkuu amesema wiki ikiisha kazi anapewa mwingine. Naogopa kumharibia mwanangu, na naogopa wataandika kwamba mume wangu alikosea, na yeye hayupo kujitetea. Nifanyeje?

Mjane wa Sebuleni

*

Mjane mwenzangu, pole. Nilianza kulia nawe, lakini nilipofika kwenye bohari ya dawa machozi yakakauka. Kuna mtu amesimama dirishani na mgonjwa wake nyumbani, mhudumu anatazama kioo kilichoganda, na binti yako anajua tatizo liko wapi, amenyamaza kwa ajili yako. Hapo umekosea, sikufichi.

Mumeo hakukosea. Aliandikia mashine yenye prosesa moja, na kwa mashine hiyo kazi yake ilinyooka. Angeziona hizi mpya angeweka kufuli hiyo mwenyewe, tena bila kukuomba ruhusa. Anayemvunjia heshima ni wewe, unayetaka kazi yake ibaki kusumbua watu.

Halafu fikiri, mama. Kazi akipewa mgeni, mgeni hana sebule ya kukumbuka. Ataona mistari ya kizamani yenye matatizo, atafuta yote aanze upya. Binti yako atagusa pale panapouma tu, sehemu nyingine ataziacha.

Mpwa wangu anafanya kazi hizo, nimemuuliza. Anasema jina la mwandishi wa kwanza hubaki juu, anayerekebisha huandika lake chini yake, na sababu. Mwambie binti aandike hivi: iliandikwa kwa prosesa moja, sasa ni nyingi. Nani ataona aibu hapo?

Basi mpigie leo akiwa kazini, usingoje arudi. Usimweleze mengi, sema tu, "Weka." Aende kwa mkuu wake aseme alishaliona kosa na kwa nini alikawia; akigombezwa, agombezwe. Wewe usimlilie kwenye simu.

Baba na mwana hawa hawakuwahi kufanya kazi pamoja hata siku moja. Majina hayo mawili, moja juu ya jingine, ndipo mahali pekee watakapokutana kazini. Usiwazuie.