Unga Ule Kuku Wangu Hawaunywi

Mpendwa Daktari Inas wa redio, naomba unisaidie, naandika kwa mkono mmoja maana mwanangu Yusri sasa hivi ametoa mkate mdomoni akamlisha tetea mwekundu, kisha akaurudisha kinywani akanichekea, nami nikacheka badala ya kumkemea. Kuku hawa ni wangu, mama yangu aliwaleta kwenye tenga siku ya harusi yangu pamoja na mabata, nawafuga juu ya paa tambarare kama nyumba zote hapa mjini Sinuris, na mayai yao ndiyo anayokula mwanangu. Sasa mama mkwe ana unga wa dawa ya kuua vijidudu, huutia kwenye maji yao kila siku, wagonjwa wasio wagonjwa, eti kinga. Mimi nilikusikia ukisema tumboni mwa kuku mna vijidudu vizuri vinavyosaidia kusaga chakula na kuvizuia vibaya, na maziwa yaliyochachuka yanaweza kuvisaidia, basi nikaumwaga unga, nikawapa vifaranga maji ya jibini. Wakaanza kuharisha, wanakunywa maji hawatosheki, na wengine wamekufa. Mama mkwe akaniambia mbele ya mume wangu, “Mama Yusri, hawa ni kuku au wagonjwa wako wa hospitali?” Nikamjibu, “Mama, unga huo mwanangu hataula ndani ya yai, hata mkinirudisha kwetu.” Akasema Ijumaa anawachinja wote na paa anampa mke wa shemeji. Sirudi nyuma, daktari, ila vifaranga wanakufa, na maji yenyewe nayatoa kwenye mtungi wa jibini la zamani, lile la chumvi kali, nikijua ndilo lililochachuka kuliko yote, sasa nipunguze au niongeze mpaka, ngoja, mama mkwe ananiita huko juu, anasema kifaranga mwingine ame

*

Mama Yusri, ondoa mtungi huo paani kabla sijamaliza kuzungumza. Nilisema maziwa yaliyochachuka, wewe ukaenda kwenye jibini la mwaka jana. Chumvi ile mtu mzima huila kwa ncha ya mkate, itakuwaje kifaranga? Wape maji matupu, kidogo kidogo, mara nyingi, wasigugumie. Aliyekufa mfunge kwenye mfuko, umpeleke leo kwa daktari wa mifugo, maana kuharisha kuna sababu nyingi na mimi sioni kutoka hapa.

Wakipona, chukua maziwa ya mgando ya jana yasiyo na chumvi, changanya kidogo na pumba, yakibaki mwaga. Hayo ni chakula, si dawa. Dawa ni ya kuku mgonjwa, kwa neno la daktari, na mayai ya siku hizo hayaliwi mpaka aseme. Kwa hilo umesimama pazuri, bibie, usishuke.

Kisha nenda kwa mama mkwe, usingoje Ijumaa. Vifaranga wamemfia na yeye pia, usimfanye adui. Mwambie, “Mama, mtungi nilikosea. Unga sikukosea.” Yaseme yote mawili, usimeze hata moja. Akinyanyua kisu, mwambie kuku hawa wana mwenyewe, na ni wewe, kisha panda ukawape maji.