Kinyume Kisicho na Hasi

Mdogo wangu Tusajigwe,

Ugonile. Nimeandika neno hilo nikaweka kalamu chini, maana salamu yetu ya Kinyakyusa inauliza kama mtu amelala, na wewe umelala kweli, huko Matwebe nyuma ya migomba ya tata, baba yetu. Nivumilie tu. Sijui namna nyingine ya kukusalimia.

Mwanao Lugano ameanza darasa la kwanza. Juzi alirudi shuleni mvua imemlowesha mpaka soksi. Nikamvua sweta, nikamkalisha karibu na jiko, nikaanza kumkorogea uji. Akaniuliza, bila hata kuniangalia, "Mama mkubwa, mimi nisingezaliwa, mama angekuwepo?"

Hee! Niliendelea kukoroga kama sijasikia. Nikamwambia, "Kunywa uji kwanza, utapoa." Mimi huyu, mwalimu wa hesabu, ninayewagombeza watoto wa watu kila siku eti jibu swali uliloulizwa.

Najua alikoyatoa maneno hayo. Kwenye msiba wako watu walikaa chini ya turubai, wakala ndizi zetu na nyama yetu, kisha wakaanza kurudi nyuma. Unawajua watu wa kwetu. Mtu akifa, kifo chake lazima kirudishwe mpaka kimpate aliyekileta. Walianza na mama mkwe wako, wakamwacha. Wakaja kwangu, eti mimi ndiye niliyekutia wazimu wa kusoma mpaka uzazi ukachelewa. Mwisho wakatua kwa kichanga. Shangazi yetu alisema, tena kwa sauti, "Huyu kamla mama yake." Nilimjibu maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa, wazee wakaniita pembeni. Lakini maji yakimwagika hayazoleki. Sasa yamemfikia mtoto mwenyewe.

Ndipo nikazikumbuka zile matriksi zako, yale majedwali ya namba.

Ulikuwa umekuja likizo, unaandika tasnifu yako ya chuo. Tulikuwa jikoni kwa mama, moshi umejaa, mama akakuuliza huko chuoni hasa unasomea nini. Ukamwambia, "Kinyume, mama. Kutoka kwenye matokeo kurudi kwenye chanzo." Mama akasema, "Hiyo hata shangazi yako anaijua, wala hakwenda chuo." Tulicheka mpaka paka akatoka nje. Nikakwambia wanafunzi wangu wa kidato cha nne, ukiwaambia watafute kinyume cha matriksi, wanabandika alama ya kutoa mbele ya kila namba, wamemaliza. Kwao kinyume ni ubaya wa kitu. Ukasema, "Si wao peke yao, dada."

Halafu ukachukua kijiti ukachora kwenye majivu: ng'ombe na mgomba. Ng'ombe anakula mgomba, mgomba unakula samadi. Kila mmoja ana chake anachotoa, hicho ukakiwekea alama ya kujumlisha. Na ana anachomega kwa mwenzake, hicho ukakiwekea alama ya kutoa. Matriksi nzima imejaa hasi, nikakwambia hapo pana ugomvi tu. "Subiri," ukasema. "Ikiwa anachotoa kila mmoja kinazidi anachomega, ukiigeuza, kinyume chake hakina hasi hata moja." Nikauliza, na maana yake? Ukafuta mkono kwenye kitenge. "Maana yake, ukifika mwisho ukakuta hakuna kilichopunguka popote, basi hata mwanzoni hakuna aliyekuwa upungufu. Hakuna aliyekuwa mzigo, dada."

Ulilisema hilo kwa furaha kama mtu aliyeletewa zawadi. Nilikuonea fahari, na sikukwambia kwa sababu mdogo mtu ukimsifu sana anakupanda kichwani.

Mama alipotoka kuchota maji uliniinamia ukaninong'oneza, "Mimi determinanti yangu ni sifuri." Ndiyo ile namba ambayo ikiwa sifuri matriksi haina kinyume kabisa, hata uipige vipi haikupi kitu. Miaka ile kwa mumeo walishaanza kukuita mgumba, na wewe ukaligeuza utani. Nilikugombeza. Ukacheka, na machozi yakakutoka hapo hapo. Ulikuwa umefunga na kuomba mpaka mchungaji mwenyewe akachoka kukuwekea mikono. Siku uliyonipigia simu kusema umepata mimba ulikuwa unapiga kelele barabarani, nikasikia watu wakikuuliza kama umeibiwa.

Ukajifungua. Damu ikakutoka, haikukatika. Zaidi ya hapo sina nguvu ya kuandika.

Sasa nimeichukua kanuni yako nikaijaribu kwenye swali la mwanao. Nilitaka sana imfae. Nilitaka nimwambie mama yako aliyesoma alithibitisha kwamba hakuna aliyekuwa mzigo. Haikubali, Tusa. Inaanza kwa kusema, ikiwa mwishoni hakuna kilichopunguka. Kimepunguka! Umepunguka wewe. Na pale penye upungufu kanuni yako haisemi kitu, inanyamaza kama mgeni msibani. Nilikukasirikia. Nimechoka kuambiwa nimejikaza vizuri. Sikujikaza, nakulilia kila ninapofua sare ya mwanao.

Leo Jumamosi tulikuwa tumekaa uani hapa Ibighi tunamenya ndizi. Anamenya vibaya, anatupa nusu ya ndizi kwenye maganda. Akasema, "Mama mkubwa, hukunijibu." Nikaweka kisu chini. Ningeweza kumwambia hapana, Mungu alipanga, watu wote humwambia hivyo. Lakini mtoto huyu ni wako, angenirudia na swali lingine gumu zaidi.

Nikamwambia, "Ndiyo. Angekuwepo."

Akaacha kumenya.

"Angekuwepo, mwanangu, na angekuwa anakutafuta. Mpaka leo angekuwa anakuomba kwa Mungu. Angekuwa anawaangalia watoto wa wenzake wakitoka shule, anajiuliza wangu yuko wapi."

Alikaa na ndizi mkononi, nusu imemenywa. Midomo ikaanza kumcheza. Nilidhani analia. Kumbe alikuwa anafikiri, ile namna yako ya kukunja paji. Kisha akaniuliza:

"Angenipata?"

Tusa, nimelia mbele yake, kitu ambacho nilikuwa sijawahi kukifanya. Nimeingia ndani nikachukua kalamu, maana jibu la hilo silijui, na wewe ndiye uliyekuwa unamtafuta.

Kwaheri, mdogo wangu. Yuko hapa mlangoni, amesimama. Bado anasubiri.

Dada yako,
Bupe