Mulamba amepiga simu redioni

Bénie, Mulamba iko hai! Mulamba, mudogo wa dada mukubwa, yaya Élisabeth!

Unajua ile redio ya mtandao yaya anarusha na simu yake, nyumbani Mikelenge. Kila Jumapili anasoma majina ya waliopotea wakati wa vita, anaanza na la Mulamba. Leo njo mimi nilimushikia simu.

Amesoma: "Mulamba Didier, alichukuliwa na askari mwaka 1998, akiwa na miaka kumi na saba." Musikilizaji akapiga, yaya akamuweka hewani.

"Yaya, usisome tena jina langu."

Bénie, hewani!! Watu wote wanasikia!

"Uko wapi?"

"Kijijini Tunda. Nilioa, niko na bibi na watoto. Nakusikiliza tangu mwaka jana."

"Tangu mwaka jana?"

"Niliogopa mama ataniuliza nilifanya nini na ile bunduki askari walinipa."

Yaya akasema polepole: "Mama alishakufa, Didier. Hakuna wa kukuuliza."

Mwanaume akalia. Hewani, Bénie. Yaya hakulia. Akamwambia, "Usikate simu, nimalize wengine," akasoma majina yote arobaini yaliyobaki, sauti ileile.

Sasa amelala na viatu miguuni. Amesema amechoka, tusimwamushe.