Wino wa Mashuka

Jumatatu, 4 Machi

Leo nimecheka mpaka mbavu zimeuma. Bi Sindano, mama mtu mzima anayeshona mashuka yaliyochanika hapa chumba cha nguo cha hospitali, ana siri! Nilikuwa natafuta kifungo kwenye kopo lake la vifungo, nikakuta karatasi imekunjwa. Barua kwa Mungu! “Bwana, niende au nisubiri? Nipe neno moja tu.”

Najua anachouliza. Harusi ya binti wa kaka yake, safari ya siku mbili. Wiki nzima hana hadithi nyingine.

Nikaona hapa pana somo. Wananiita Profesa kwa sababu nabishana na kila anayeamini asichokiona. Nikachukua kalamu ya wino usiofutika, ile ninayoandikia majina na namba za wodi kwenye mashuka, nikajibu nyuma ya karatasi kwa herufi kubwa: SUBIRI. Nikairudisha koponi. Ijumaa, wakati wa chai, nitamwumbua mbele ya wote. Kwa utani tu.

Jumanne, 5 Machi

Amefungua kopo saa nne. Kasoma. Kaikunja upya karatasi, kaitia kifuani. Akashona foronya kumi na moja bila kuimba. Mfuaji akanikonyeza (nilishamwambia), nami nikajifanya napanga mashuka.

Jumatano, 6 Machi

Pasi ya tatu inaunguza. Mengine yale yale.

Alhamisi, 7 Machi

Laiti ardhi ingepasuka ikanimeza.

Muuguzi wa wodi ya upasuaji kaja kuchukua mashuka. Kaniuliza, huyu mama yenu ana nini? Kumbe ana uvimbe kwenye titi, alikuwa apasuliwe Jumanne ijayo, na jana kaja kufuta jina lake. Daktari kamsihi, wapi! Kasema ameambiwa asubiri. Na nani? Hakutaka kusema. Nafasi yake watamshikia mpaka Jumatatu saa sita mchana, basi.

Harusi! Mimi na akili zangu zote! Nadai ushahidi kwa kila mtu, na mwenyewe sikuuliza hata swali moja.

Na mwaka juzi je? Msimamizi alitaka kunihamisha kwa sababu sisimami na wenzangu kwenye sala ya asubuhi. Aliyenitetea alikuwa mmoja tu. “Mwacheni, imani hailazimishwi.” Bi Sindano huyo huyo. Naona aibu hata kuandika.

Ijumaa, 8 Machi

Chai. Mfuaji kauliza, haya Profesa, mchezo uko wapi? Nikamkata jicho.

Nilimfuata mama pembeni nimwambie. Nikaishia kumwuliza kama ana uzi mweupe. Mbele yake kumejaa uzi mweupe! Mwoga mkubwa mimi.

Jumapili, 10 Machi

Nimekwenda kwake. Chumba kimoja, kisafi. Pazia kalishona kwa vipande vya mashuka ya kutupwa, na kwenye pindo kuna jina la wodi kwa mkono wangu. Nikasema yote kwa pumzi moja, macho chini.

Hakukasirika. “Mwanangu, mwandiko wako naujua. Miaka sita nashona juu ya hiyo S yako iliyolala.”

Alijua tangu Jumanne!

“Sasa mama, kama ulijua...”

“Wewe hata ‘Mungu akulinde’ huitikii. Siku umenijibu, nikasema huyu katumwa, ila hajijui.”

Nikabishana. Ndiyo, nikabishana na mgonjwa nyumbani kwake! Nikamwambia hakuna aliyenituma, ilikuwa dharau yangu tu. Akalinyoosha pindo la pazia kwa kiganja. Kisha akasema dada yake alipasuliwa na hakuamka. “Neno lako nililipenda. Labda ndiyo maana nililiamini haraka.”

Nilidhani yameisha. Akachana karatasi kwenye daftari, akanipa.

“Niandikie tena. Safari hii usijifiche nyuma ya Mungu. Weka jina lako chini. Kesho nitaisoma.”

Nikamwambia daktari ndiye anayejua, mimi ni mpiga pasi. Akasema daktari hakumwandikia asubiri.

Jumatatu, 11 Machi

Saa tano na nusu, chumba cha pasi. Karatasi iko mbele yangu na kalamu ni ile ile. Jina langu nimeshaliandika chini. Hilo lilikuwa rahisi.

NENDA. Herufi tano! Daktari kasema, vipimo vimesema, mimi mwenyewe ndicho ninachoamini. Lakini asipoamka, kama dada yake? Wiki iliyopita niliandika neno bila kufikiri kwa sababu halikuwa langu. Miaka yote nawacheka watu wanaomtwika Mungu maamuzi yao, kumbe nami nilimtwika langu, tena kwa kicheko.

Saa sita kasoro dakika kumi. Yuko mlangoni. Kavaa viatu vya kutokea, si vile vya kazini. Mkononi ana kibegi, na mswaki umechungulia pembeni.

Anauliza, bado, mwanangu?

Nimemwambia bado kidogo, mama. Nimeinama kwenye daftari hili, adhani naandika neno lake.