Omega Hatabebwa

Mkula, Kilombero
2 Februari 2025

Mdogo wangu mpendwa Hermenegildi,

Marahaba! Najua huko Songea umeshaniamkia kabla hujafungua bahasha, kwa hiyo naitikia mapema. Wewe na wifi yangu hamjambo? Kile kifua kimepona? Sisi wazima. Magoti yananisumbua, lakini mdomo wangu, kama unavyojua, hauugui.

Nimeandika kwa sababu simu hukawii kuikata, na haya nataka uyasome mpaka mwisho. Mjukuu wetu Omega, binti wa Agnella wangu, anatembea! Jumapili kanisani alimwacha mama yake mlangoni, akaja mwenyewe mpaka kwangu, anakanyaga kwa unyayo wote. Nilipiga vigelegele katikati ya matangazo, katekista akanikazia macho. Shauri yake.

Maana mtoto huyu alizaliwa nyayo zote mbili zimepinda kwa ndani. Majirani hawakukawia kusema kwamba Agnella aliuruka mgono wa mumewe wa kuvulia samaki akiwa mjamzito. Nikawaambia wakatafute kazi ya kufanya, nikamchukua mwanangu na kichanga chake, tukaenda hospitali Ifakara. Muuguzi mmoja, Safina, akatueleza kwamba huo ni mguu kifundo, kwamba hakuna aliyekosea kitu, na kwamba tumefanya vizuri kuwahi akiwa bado laini. Kila wiki walimnyoosha kidogo kwa mikono, wakamfunga hogo, ile plasta ngumu, mpaka mapajani. Wiki inayofuata wanalitoa, wananyoosha tena, wanafunga jingine. Mwisho wakamkata kidogo mshipa wa kisigino. Nyayo zikakaa sawa, nikalia mbele za watu.

Kumbe kazi ndiyo kwanza inaanza. Akapewa viatu vilivyounganishwa kwa kipande cha chuma, avivae usiku na mchana kwa miezi mitatu, kisha wakati wa kulala tu mpaka afike miaka minne hivi. Safina alisisitiza kwamba bila viatu miguu hupinda tena. Sasa mtoto wa hivyo utambebaje mgongoni, na hicho chuma kati ya miguu? Na mpunga ulikuwa unaanza kuiva, ndege wamejaa, watu wote wamehamia mashambani kuwafukuza. Agnella akawa anamvua viatu asubuhi, anamfunga mgongoni kwa khanga, anashinda naye shambani, jioni anamvalisha. Alidai miguu imeshanyooka, ya nini kumtesa mtoto. Siku niliyomwogesha nikaona unyayo wa kushoto umeanza kugeuka. Weee! Nilifoka mpaka mkwe wangu akatoka nje.

Agnella akauliza nani basi atashinda na mtoto. Nikamjibu kuwa ni mimi. Akacheka, maana tangu azaliwe hajaona msimu wa ndege ukanikuta nyumbani. Tukarudi Ifakara, wakamfunga hogo tena, kisha viatu, nami nikakaa naye mkekani mpaka miezi ikaisha. Lile shamba langu wanalolisifu wote, ndege wamekula wakashiba, wakaenda kuwaita wenzao. Mwaka huu nanunua mchele dukani, mimi Aurelia! Na ninatembea kifua mbele.

Sasa nikuungamie. Kila ulipoomba picha ya mtoto nilisingizia kwamba kamera ya simu imeharibika. Nilikudanganya. Miguu ile ilikuwa mguu wako, Hermenegildi, vilevile ulivyozaliwa nao, na niliogopa utajilaumu kwamba wewe ndiye uliyemwachia. Wewe hukufungwa hogo, kwa kuwa hakuna aliyetuambia kwamba lipo. Nilikubeba mgongoni kwenda shule mpaka ukakaribia kunizidi uzito, nawe ukawa unaninong'oneza nikushushe kabla wenzako hawajakuona. Sikuchoka kukubeba, mdogo wangu. Ila nilipouona ule unyayo unageuka, nilisema moyoni kwamba mtoto mwingine wa nyumba hii hataomba kushushwa.

Picha nimeiweka humu. Amesimama, hakuna aliyemshika.

Agnella na mumewe wanakuamkia. Nisalimie wifi, mwambie namdai maongezi. Pasaka njooni wote wawili. Tutawapokea kituoni, na Omega hatabebwa.

Ni mimi dada yako,
Aurelia