Taa ya Gurudumu la Tatu

Gharib, nimekwisha.

Ndege ndogo ya kutoka Lamu ilikaribia kutua, rubani akashusha magurudumu. Taa mbili za kijani ziliwaka, ya tatu haikuwaka. Mimi niliyesoma mitambo madarasa ya usiku nikamweleza mke wangu Swabaha kuwa pampu ya mafuta yanayosukuma magurudumu imeshindwa, gurudumu moja halikujifunga, litakunjika tukigusa chini.

Nikamtaka radhi. Nikamwambia nina mke wa pili, mwaka wa sita sasa. Nilisema mwenyewe, Gharib, kwa kinywa changu.

Rubani akabadilisha balbu, taa ikawaka. "Limejifunga zamani, mzee. Ni balbu tu iliyoungua."

Sasa tumo kwenye tuktuk. Dereva ameuliza tunakwenda wapi. Swabaha amemjibu, "Muulize huyu bwana, ana nyumba mbili."